Ziada Adai Jina Lake

"Ziada, shusha hilo debe upesi! Mjomba wako yuko nyuma ya ghala na Likwata."

"Wanapigana?"

"Afadhali wangepigana," alisema Magdalena, anahema kama aliyefukuzwa na nyuki. "Wananong'ona."

Ziada akalishusha debe, maji yakamrukia mpaka kifuani. Mjomba Abdala kunong'ona na Likwata? Watu wawili ambao tangu wagombane kiangazi kilichopita wakikutana njiani kila mmoja hujifanya anatazama mikorosho?

"Umesikia nini?"

"Nimesikia jina lako, basi. Halafu mjomba wako akaniona, akaniuliza kama sufuria zimejiosha zenyewe."

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tano, na Kikole kilikuwa bado kijiji kipya, watu wamekusanywa kutoka mashambani na nyumba nyingine hazijapata milango. Lakini walikuwa wamekwisha kujenga zahanati kwa mikono yao, tofali kwa tofali, na usiku ule waliifungua kwa mkesha wa sanaa. Vijiji sita vilialikwa. Sindimba ingechezwa, watoto wa shule wangeghani ngonjera, wachongaji wangepanga vinyago vyao ukutani. Na hakuna hata mmoja aliyelipwa senti. Mwenye nguvu alijenga jukwaa, mwenye karabai alileta karabai, na wanawake ishirini walibeba maji kutoka kisima cha bondeni, siku tatu mfululizo. Kiongozi wao alikuwa Ziada.

Likwata naye alipewa kazi kubwa kuliko zote: Shairi la Shukrani. Alfajiri, ngoma zikinyamaza, angesimama mbele ya vijiji sita amtaje kwa jina kila aliyejitolea. Likwata huyu hakufundishwa utenzi na mtu. Aliacha shule darasa la nne, akajifunza mizani kwa kuhesabu vidole huku anapalilia, akaandika beti zake kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Kiburi alikuwa nacho, tena cha kutosha watu watatu. Lakini kwa Ziada kiburi hicho kiliyeyuka, na kijiji kizima kilijua wanapendana, ingawa wao wenyewe walidhani wamejificha.

Tatizo lilikuwa moja, lina jina na kalamu mfukoni: Rashidi, karani kutoka Kilwa Masoko. Barua yake ya posa ilikwisha kufika, na Mjomba Abdala aliahidi kumjibu asubuhi baada ya mkesha. Na katika ukoo wao, mjomba akikataa ndoa ya mpwa wake, imekataliwa.

Mjomba akatokea pembeni mwa ghala, kanzu nyeupe, kofia imekaa sawasawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa?"

"Maji, mjomba. Ndiyo kazi niliyo nayo. Wewe na Likwata mlikuwa na la heri?"

"La heri tupu," alisema mjomba, na akatabasamu. "Kijana ana adabu kuliko nilivyodhani."

Akaenda zake. Magdalena akamtazama mpaka alipopotea.

"Mimi Mmakonde nakuambia, shoga. Mwanamume mwenye maneno kama Likwata akisifiwa adabu, ujue kuna kitu amemeza."

*

Usiku ulipokolea, Kikole kiliwaka. Karabai nane zilining'inia, ngoma zikagonga mpaka mavumbi yakasimama, wachezaji wa sindimba wakatikisa viuno wazee wakajifanya wanakohoa. Ziada hakuona hata nusu yake. Kila mara alikuwa njiani, debe kichwani, taa ya chemli mkononi, wenzake nyuma wakiimba ili wasisinzie.

Katika safari ya sita, au ya saba, alimkuta Rashidi ameegemea ukuta wa zahanati, karibu na mapipa ya maji.

"Dada Ziada, pumzika basi. Tangu nifike sijakuona umekaa."

"Wageni hawajanywa, bwana karani."

"Kwangu kuna bomba uani. Unafungua tu, maji yanakufuata. Shingo hiyo haikuumbwa kwa madebe."

Usiku ule miguu ya Ziada ilikuwa inawaka moto, na neno bomba likamkaa sikioni kuliko alivyotaka.

"Na wenzangu hawa?" aliuliza.

"Wenzako gani?"

"Wa kikosi."

Rashidi akacheka, bila ubaya, kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Mke wangu hatakuwa kwenye kikosi. Kujitolea ni kwa watu wasio na la kufanya."

"Basi usiuegemee sana ukuta huo, bwana karani. Umejengwa na watu wasio na la kufanya."

Wanawake nyuma yake wakaangua kicheko. Rashidi akajitoa ukutani, akajipangusa chokaa begani, na yeye akacheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kubeba kitu.

Ziada akamimina maji pipani, akawaza: kumekaribia kucha. Likwata atasimama, atanitaja, mjomba atasikia vijiji sita vikinipigia vigelegele. Atajua mimi si mzigo wa kupelekwa popote. Nina jina langu, na nimelitolea jasho.

*

Baada ya swala ya alfajiri, ngoma zikanyamaza. Likwata akapanda jukwaani, shati limekunjwa mikono, karatasi ya saruji mkononi asiyoitazama hata mara moja. Akainua kidevu, akaghani:

"Nasimama kuwataja, wenye kazi ya mikono,
Waliokuja pamoja, pasi kungoja mfano,
Sipriani wa daraja, nguzo alikata tano,
Asanteni wenye kazi, shukurani si maneno!"

Sipriani akasimama, watu wakapiga makofi. Ubeti wa pili ukamtaja Bonaventura wa karabai. Wa tatu, Mama Justa wa vyungu, na vigelegele vikapasua anga. Jina baada ya jina, kila mtu akisimama na kukaa, kifua mbele. Hata Hasani, ambaye kazi yake usiku kucha ilikuwa kufukuza mbuzi wasipande jukwaani, alipata ubeti mzima.

Ziada alisimama pembeni na kikosi chake, ngata ya kuwekea debe bado kichwani. Sasa ni sisi, alijiambia.

"Na kikosi cha kisima..." alighani Likwata, na akawataja. Cecilia. Skolastika. Magdalena. Mwanaasha. Wanawake kumi na tisa, mmoja mmoja.

Kisha akakunja karatasi, akainama, akashuka.

Makofi yalianza, yakasitasita. Watu wakageuka, wakamtazama Ziada. Wanawake kumi na tisa walikuwa wamesimama. Wa ishirini, aliyewaongoza, hakujua asimame au akae.

"Amekusahau?" Magdalena alinong'ona.

"Likwata hasahau," alisema Ziada, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Muda si muda, Magdalena, aliyekwisha kumkabili mshairi nyuma ya jukwaa, akarudi na kipande cha karatasi ya saruji. Maandishi yalikuwa ya haraka:

"Ziada wangu, nimenyamaza kwa heshima yako. Mjomba ameniambia msichana hatajwi mbele za watu kabla ya posa. Nikinyamaza, ataipokea barua yangu. Nivumilie. L."

Ziada akasoma mara mbili. Ni kweli, huko kwao mtu hamtaji msichana kwenye shairi kabla ya barua. Anamwita ua, anamwita lulu, anamficha. Lakini hayo ni mashairi ya mapenzi! Hili lilikuwa la kazi. Akaokota mkaa jikoni, akaandika nyuma ya karatasi ileile:

"Heshima yangu uliiuliza kwa nani?"

"Mpelekee," alimwambia Magdalena. Kisha akabadili mawazo. "Hapana. Lete hapa. Nitaipeleka mwenyewe."

"Unakwenda wapi na hilo debe?"

"Kudai jina."

Magdalena akajishika kinywa.

Kudai jina ni haki ya zamani Kikole, walihama nayo kutoka kwenye vitongoji vyao kama walivyohama na mikeka. Aliyefanya kazi akarukwa kwenye shukrani ana ruhusa, kabla jua halijawa kali, kuja mbele na kuweka chombo cha kazi yake miguuni pa mshairi. Mshairi hana pa kukimbilia. Ataifanya kazi ile kwa mikono yake mbele za watu, kisha atamtaja kwa ubeti mpya. Kwa kawaida waliodai ni wazee, kwa mzaha, wanaweka jembe na kucheka. Msichana hajapata kudai, wala hakuna aliyesema haruhusiwi.

Ziada akakatiza uwanja. Watu wakampisha. Debe tupu likatua miguuni pa Likwata: kong!

"Nadai jina langu."

Mbuzi mmoja akalia, Hasani akamkanya.

Likwata akamtazama, kisha debe, kisha watu. "Ziada, nilikuandikia..."

"Nimekujibu. Hii hapa."

Likwata akasoma. Ukali wake wote, uliokuwa ukiwatisha wenyeviti wa vijiji, ukakosa pa kushika.

"Nilitaka tusikilizwe," alisema polepole. "Mimi na wewe."

"Jina langu hukupewa ulibadilishe na kitu, Likwata. Hata na mimi mwenyewe. Siku tatu nimepanda na kushuka bondeni. Shukrani ile haikuwa yako, haikuwa ya mjomba. Ilikuwa yangu. Mmekaa wanaume wawili nyuma ya ghala, mmeigawa."

"Ziada!" Mjomba Abdala alikuwa amefika, kofia imeanza kwenda upande. "Unanivunjia heshima mbele za watu?"

"Mjomba, nisamehe. Wewe sikukudai. Siwezi."

"Mimi naweza."

Sauti ilitoka jikoni. Bi Adija, mama yake Ziada, alikuja anajifuta mikono kwa kanga. Alikuwa mfupi, hana makuu, lakini alimzidi Mjomba Abdala miaka sita na alikuwa amembeba mgongoni utotoni.

"Abdala, ni wewe uliyekata jina la mwanangu?"

"Dada, ni heshima ya nyumba. Msichana akitajwa ovyo..."

"Ovyo? Katajwa mfukuza mbuzi!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Hasani akasimama, akatoa heshima kwa mkono, akakaa.

"Dada, mimi ni mjomba wake. Nina neno."

"Unalo. Kwenye ndoa yake una neno, sijakunyang'anya. Kwenye jasho lake huna. Magdalena! Mletee mjomba debe."

"Dada, nimevaa kanzu!"

"Ipandishe."

*

Wanasema kisima cha Kikole hakijawahi kupata wasindikizaji wengi kama siku ile, lakini Bi Adija aliwazuia wote ukingoni mwa bonde. Wakashuka watatu tu: Ziada mbele, Likwata na mjomba nyuma.

Kushuka ni rahisi. Debe lilipojaa na kupandishwa kichwani, Likwata akayumba kama mlevi.

"Shingo iwe nguzo," Ziada alisema bila kugeuka. "Usitazame miguu. Miguu inajua njia."

"Yangu haijui," alilalamika mjomba. Maji yalikuwa yanamshuka mgongoni. "Mnabebaje haya, jamani? Mara ngapi?"

"Mimi, mara sitini. Siku tatu."

Walipanda. Mtu mwenye debe kichwani hawezi kugeuka kumtazama mwenzake. Anatazama mbele tu na kusema lililopo moyoni, maana haoni uso wa kumwonea haya.

"Likwata," mjomba aliita.

"Naam, mjomba."

"Usiniite mjomba. Bado."

"Naam, mzee."

"Kwa nini ulikubali haraka vile? Nilidhani utanitukana. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa."

"Niliogopa, mzee. Matusi ninayo, tele. Lakini nilikuwa naombwa kitu kimoja tu, kunyamaza, na upande wa pili yupo Ziada. Nikaona bei rahisi. Sikuona kwamba anayelipa ni yeye."

Ziada alisikia, akapunguza mwendo. Hakugeuka, lakini alipunguza mwendo.

"Na wewe, mjomba," alisema, "ulimwahidi utaipokea barua yake. Na bwana Rashidi ulimwahidi nini?"

Debe la mjomba likatikisika. "Nilimwahidi... jibu."

"Jibu lipi?"

"Mwanangu, yule ana bomba."

"Mjomba!"

"Ana bomba uani! Mimi nilikuwa nakuonea huruma. Kila siku nakuona na madebe haya. Sikujua uzito wake, lakini huruma nilikuwa nayo." Akahema. "Sasa uzito naujua."

"Basi hebu niulize mimi. Hujaniuliza hata siku moja."

Mjomba akasimama katikati ya kilima, shingo imekakamaa, macho kwenye mawingu.

"Ziada binti ya dada yangu, nakuuliza. Unamtaka nani?"

"Namtaka huyu anayeyumba nyuma yako. Lakini leo nimemkasirikia sana."

"Hasira si neno la kumjibu mtu wa posa."

"Hilo la kumjibu nimekwisha kulisema. Mengine ni yangu na yeye."

"Nimesikia," alisema mjomba. Kisha, bila kuulizwa: "Likwata, niite mjomba. Na utembee, mtoto wa watu, nakufa hapa."

*

Walipotokeza juu, vijiji sita vilikuwa vimesimama kuwangoja. Mjomba Abdala akamimina debe lake pipani, nusu yake ilikuwa imekwisha kunywewa na kanzu, akaenda moja kwa moja kwa Rashidi.

"Bwana karani, niwie radhi. Nilikuwa na jibu langu, nimepata la mwenyewe. Binti yetu hatakuja."

Rashidi akamtazama Ziada. Alikuwa muungwana, hakulazimisha. "Kwa kweli," alisema, "nilikuwa nimekwisha kulipata usiku, pale ukutani." Akampa mjomba mkono, mkono ukalowa.

Likwata hakulishusha debe. Alisimama nalo kichwani mbele ya jukwaa, mishipa ya shingo imemtoka, maji yanamtiririka masikioni, akaghani. Safari hii hapakuwa na karatasi wala kidevu cha kuinua:

"Nilitaja watu wote, nikamwacha wa kisima,
Maji tuliyonywa sote, ya Ziada mwana mwema,
Shingo imepinda yote, kwa debe moja nahema,
Yeye kabeba sitini, na bado amesimama!"

Jamani! Vigelegele vile, hata mbuzi walikimbia wenyewe. Wanawake wa kikosi wakarusha ngata juu, wapiga ngoma waliokwisha kufunga vitu vyao wakafungua tena, na Mama Justa akalia machozi akidai ni moshi. Ziada alisimama katikati. Watu waliliita jina lake, vijiji sita kwa pamoja, naye akalipokea kichwa juu, kama anavyobeba maji.

Mwenyekiti wa kijiji akauliza, kama ada inavyotaka: "Aliyedai, umelipwa?"

"Nimelipwa," alisema Ziada. "Asanteni. Nanyi nawashukuru."

Likwata akamwaga maji pipani, akajinyoosha mgongo. Wakatazamana.

"Bado umekasirika?"

"Bado."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Chai ya wageni inahitaji madebe kumi zaidi. Sina muda wa kukuhesabia."

Likwata akainama, akaliokota debe, akajiwekea ngata kichwani. Ilikaa upande.

"Nani amekutuma?" Ziada aliuliza. "La kwanza ulidaiwa. Hili hudaiwi na mtu."

"Najitolea."

Ziada akamsogelea. Halafu akanyoosha mkono mbele ya mama yake, mbele ya mjomba, mbele ya watu wote, akamwekea ngata sawasawa kichwani, na kicheko alichokibana tangu bondeni kikamponyoka.

"Barua iletwe lini, Ziada?"

"Jioni. Na uiandike kwa jina langu kamili, lisomeke."

Akachukua debe lake, wakashuka pamoja. Nyuma yao Mjomba Abdala alikuwa anamwuliza Bi Adija, kwa sauti ya unyonge, kama kuna mafuta ya kuchulia shingo.